Macho ya Watoto Wetu: Lenzi za Usiku, Miwani na Mwanga wa Jua

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo katika parokia



Tunajua mmeacha palizi na ng'ombe nyumbani, na wengine mmetembea mbali kufika hapa. Asanteni sana.

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya macho ya watoto. Sababu ni kwamba vikundi vitatu, kila kimoja kwa wakati wake, vimetuletea swali moja. Mwanakikundi mmoja ana mtoto asiyeona mbali. Jamaa yake aliye mjini amempelekea habari kwa simu kwamba kuna lenzi ndogo ambazo mtoto huziweka machoni wakati wa kulala. Asubuhi anazitoa, na mchana kutwa anaona ubao bila miwani. Tena anaambiwa kwamba lenzi hizi huzuia macho yasizidi kuharibika. Mwanakikundi anaomba mkopo mkubwa kutoka mfuko wa kikundi. Kamati inauliza: Je, jambo hili ni la kweli au ni wizi? Na kama ni la kweli, tutoe pesa?

Ni swali zuri. Pesa ni za jasho la watu wengi, na macho ya mtoto hayana ya akiba. Kwa hiyo hatutajibu kwa neno moja. Tutafuata njia yetu ya siku zote katika jumuiya zetu: Tuone, Tuamue, Tutende.

TUONE

Kwanza, kutoona mbali ni nini? Wataalamu huita hali hii maiopia. Fikirini chumba chenye dirisha moja dogo. Mwanga unaingia dirishani na kuchora picha kwenye ukuta wa nyuma. Jicho liko hivyo. Dirisha lake la mbele ni ngozi angavu iitwayo konea. Nyuma yake kuna lenzi ya jicho lenyewe, na ukuta wa nyuma unaitwa retina. Picha ikitua sawasawa kwenye retina, mtu anaona vizuri. Lakini kuna watoto ambao jicho lao hukua likawa refu kupita kiasi. Picha ya vitu vya mbali inatua kabla ya kufika ukutani, na mtoto anaona ukungu.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24. Likizidi kwa milimita moja tu, tayari mtu anahitaji miwani, na si miwani hafifu. Mara nyingi shida hii huanza kati ya umri wa miaka 6 na 12, na huendelea kuongezeka kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana miwani ya mwaka juzi haimfai mwaka huu.

Mtoto wa namna hii anasoma kitabu kilicho mkononi bila taabu. Shida yake ni ubao. Basi atafanya nini? Anakunja uso na kufinya macho. Anasogea dawati la mbele. Anaandika kwa kuchungulia daftari la jirani, halafu anapigwa kwa kunakili. Uwanjani haupendi mpira kwa sababu anauona ukiwa tayari usoni. Njiani anampita shangazi yake bila kumsalimia, na watu wanasema mtoto huyu hana adabu.

Tena jambo la kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe hajui. Anadhani watu wote huona hivyo. Hawezi kulalamika kwamba amepoteza kitu ambacho hajawahi kukipata. Katika kutembelea kwetu vikundi tumekutana na msichana wa gredi ya tano ambaye nyumbani walikuwa wameshakata tamaa naye. Baba alisema karo ya baadaye ni afadhali iwekwe kwa ndugu zake. Alipopimwa, ikaonekana hakuwa anaona hata maandishi makubwa ya ubaoni. Akili ilikuwapo, lakini masomo hayakuwa yanamfikia. Hebu tujiulize, ni wangapi katika vijiji vyetu tumewaita wazito, nao ni macho tu?

Ulimwenguni tatizo hili linaongezeka. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Katika miji ya Asia ya Mashariki, kama Singapore, Hong Kong na Taipei, vijana wengi sana, hata 8 kati ya 10, wanamaliza shule wakiwa na hali hiyo. Hapa Afrika idadi ni ndogo kuliko huko. Lakini wa kwetu wengi hawajapimwa, na mtoto mmoja asiyepimwa amefungiwa mlango wa shule hata kama yumo darasani.

Kwa nini jicho lirefuke? Kuna sababu za uzazi: mzazi mmoja au wote wawili wakiwa hawaoni mbali, mtoto ana hatari zaidi. Lakini damu ya wazazi haikubadilika ghafla katika miaka 50, na shida imeongezeka ndani ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni maisha. Watoto wanakaa ndani muda mrefu, vitabu na simu vikiwa karibu na pua, na jua hawalioni. Mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na inaaminika kwamba hiyo ndiyo huliambia jicho lisirefuke ovyo. Katika mji wa Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, watoto walioanza kutoona mbali walikuwa karibu 30 katika kila 100. Katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa karibu 40 katika kila 100. Na hiyo ni dawa isiyouzwa popote.

Lenzi za usiku zinafanyaje kazi?

Sasa tuje kwenye lenzi. Jina lake la kitaalamu ni othokeratoloji. Sisi tutaziita lenzi za usiku.

Si wizi, na si uchawi. Ni lenzi ngumu kidogo, ndogo kuliko shilingi, zilizochongwa kwa kipimo cha jicho la mtu mmoja. Zinapokaa juu ya konea usiku kucha, machozi yaliyo chini ya lenzi yanaisukuma ngozi hiyo taratibu, na katikati yake inakuwa bapa kidogo. Badiliko hilo ni jembamba kuliko unene wa unywele mmoja. Lakini linatosha kuirudisha picha mahali pake. Asubuhi lenzi zinatolewa, konea inabaki na umbo lile kwa siku nzima, na mtoto anaona bila miwani. Usiku anavaa tena.

Jambo hili lina historia. Mtaalamu wa macho George Jessen wa Chicago, Marekani, alieleza njia ya kunyoosha konea kwa lenzi ngumu mwaka 1962. Wakati huo hazikuwa lenzi za kulala nazo, kwa sababu konea hupata hewa kutoka nje na lenzi za zamani ziliizuia. Baadaye zikatengenezwa za aina inayopitisha hewa, na mwaka 2002 serikali ya Marekani iliruhusu za kuvaliwa usiku kucha.

Je, ni kweli zinapunguza kasi ya jicho kurefuka? Ndiyo, kwa kiasi. Huko Hong Kong, watoto wa miaka 6 hadi 10 waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa lenzi za usiku na wengine miwani ya kawaida. Watoto 78 walifika mwisho wa miaka miwili. Macho ya wenye miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya wenye lenzi milimita 0.36. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2012. Kupungua huko kwafaa, kwa maana jicho likirefuka sana, ukubwani retina yaweza kuchanika au kubanduka, na mtu akapofuka hata akivaa miwani.

Lakini sikieni vizuri. Tumesema "zinapunguza kasi." Hatukusema "zinaponya." Jicho lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Mtoto akiacha kuvaa, baada ya siku chache konea inarudi umbo lake na ukungu unarudi. Na imeonekana kwamba mtoto akiacha mapema, akiwa na miaka 14 au chini yake, jicho laweza kuanza tena kurefuka kwa haraka. Kwa hiyo anayeanza asifikiri ni gharama ya mwezi mmoja. Ni safari ya miaka. Anayewaambia kwamba ni tiba ya mara moja, mwogopeni.

TUAMUE

Sasa kamati ipime. Tumeleta mambo manne ya kuweka kwenye mizani.

La kwanza ni pesa. Katika nchi ambako lenzi hizi zimezoeleka, mzazi hulipa dola 1,000 na zaidi kwa mwaka wa kwanza. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 100,000. Halafu kuna dawa maalum ya kuoshea, safari za kupimwa tena na tena, na lenzi mpya zile za kwanza zikichakaa, zikivunjika au zikipotea. Pesa ya mtoto mmoja ingeweza kuwapatia miwani watoto wengi.

La pili ni maji. Ndugu zetu, hapa tukae kidogo, kwa maana ndipo penye hatari. Lenzi haioshwi kwa maji. Si ya bomba, si ya mto, si ya mvua, na hata yaliyochemshwa hayaruhusiwi. Katika maji kuna amiba na bakteria ambao tukiwanywa huenda wasitudhuru sana, lakini wakikaa chini ya lenzi usiku kucha juu ya jicho lililofumbwa, hutoboa konea na kufanya kidonda. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu katikati ya jicho ni upofu. Uchina ilipata funzo hili kwa uchungu. Karibu na mwaka 2001 lenzi za usiku zilikuwa zimeenea huko bila usimamizi wa kutosha, watoto wakapata vidonda vya macho, na serikali ikalazimika kuzibana kwa sheria.

Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013, kati ya watoto 10,000 wanaovaa lenzi za usiku kwa mwaka mmoja, karibu 14 walikadiriwa kupata ugonjwa huo wa konea. Mtasema ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali ambapo jicho likiwa jekundu asubuhi, mtoto yuko kwa daktari kabla ya saa sita. Kwetu, je? Mama atangoja siku ya soko. Ataweka matone yaliyobaki ya mtoto mwingine. Atamwuliza jirani. Jicho halingoji hivyo.

La tatu ni mtaalamu. Lenzi hizi haziuzwi kama kandambili, za kujaribu hadi ipatikane inayotosha. Kwanza konea inapimwa kwa mashine inayochora umbo lake lote. Kuna watoto ambao konea yao ni nyembamba na imechongoka, nao hawafai kabisa kuvaa. Wengine macho huwawasha na wanayafikicha kila siku kwa sababu ya mzio, ugonjwa ulio mwingi kwa watoto wa Afrika Mashariki. Hao wanatibiwa mzio kwanza. Baada ya kuvaa usiku wa kwanza mtoto anaangaliwa, halafu baada ya juma, halafu mwezi, na baadaye kila miezi michache. Anayeuza kwa simu na kuwatumia kwa basi amewauzia hatari.

La nne ni mtoto mwenyewe na nyumba yake. Je, kuna mtu mzima wa kusimamia kila jioni na kila asubuhi? Mikono itaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kwa kitambaa safi? Taa inatosha kuona kama lenzi imepasuka?

Kuna familia zitakazojibu "ndiyo" kwa mambo yote manne. Hao wasionewe wivu wala kusemwa vibaya. Wanampa mtoto kitu cha kweli. Lakini kwa mfuko wa kikundi cha kijiji, maoni yetu ni haya: msianzie hapo. Anzeni na kupima watoto wote, miwani kwa wanaohitaji, na jua kwa kila mmoja. Mkifanya hayo na bado mna akiba, mtarudi kuzungumza.

Zipo pia njia nyingine za kupunguza kasi, kama matone ya atropini yenye nguvu ndogo sana na miwani ya aina maalum. Hizo nazo ni za kupewa na daktari wa macho. Msinunue atropini wenyewe. Ile yenye nguvu kubwa humfanya mtoto ashindwe kuvumilia mwanga na ashindwe kusoma.

Maneno ya kuacha

Kabla hatujaenda kwenye vitendo, kuna maneno tunayoyasikia vijijini ambayo yanawazuia watoto kupata msaada.

"Miwani inaharibu macho ya mtoto." Si kweli. Huko Malaysia, utafiti wa mwaka 2002 uliwapa baadhi ya watoto miwani hafifu kuliko kipimo chao, na wengine miwani kamili. Waliopewa hafifu ndio macho yao yaliharibika kwa haraka zaidi. Na katika sehemu za mashambani za China magharibi, kwenye shule zaidi ya 250, watoto waliopewa miwani ya bure walifanya vizuri zaidi katika hesabu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hayo yalitangazwa mwaka 2014. Miwani haizidishi ugonjwa. Mtoto hukua, na jicho hukua naye.

"Akila karoti atapona." Karoti, sukuma wiki na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A, na vitamini A huwakinga watoto na upofu wa aina nyingine. Basi wapeni. Lakini hakuna mboga inayofupisha jicho.

"Msichana mwenye miwani hataolewa." Tuwaulize wanaosema hivyo: msichana aliyeshindwa kusoma kwa sababu hakuona ubao, mmemsaidiaje?

"Avae miwani ya zamani ya babu." Hapana. Miwani ya babu ni ya kusomea karibu, na mtoto huyu shida yake ni ya mbali. Ni kama kumpa dawa ya mgonjwa mwingine.

Na dawa za majani, mate, au maziwa ya mama machoni, tuache kabisa. Tumeona makovu.

TUTENDE

Hatua ya kwanza: pimeni watoto. Ombeni kituo cha afya au mhudumu wa afya wa jamii awape chati ya herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, ile ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Pimeni mita 6 kwa kamba au kwa futi, si kwa hatua, kwa maana hatua za mama na za kijana si sawa. Kama chati yenu imeandikwa umbali mwingine, fuateni huo. Fanyeni mahali penye mwanga mzuri. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, halafu jingine. Ule mstari wenye alama ya 6/12, ambao E yake ina urefu wa milimita 17 hivi, aonyeshe sawasawa angalau mara nne kati ya tano kwa kila jicho. Akishindwa hata kwa jicho moja, mwandikeni apelekwe.

Kuna na jaribio dogo la kuongeza. Toboeni karatasi ngumu kwa ncha ya msumari mwembamba, na mtoto achungulie chati kupitia kitundu hicho. Akiona vizuri kuliko mwanzo, huenda miwani itamsaidia. Asipoona vizuri, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumpeleka.

Hatua ya pili: msimwache mzazi peke yake. Hapa tuna mfano wa nyumbani. Kaunti ya Trans Nzoia, katika shule 50, walimu walifundishwa kupima macho ya watoto zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule walimu walitumia simu yenye programu iitwayo Peek. Wazazi walionyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, na wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Katika shule hizo, watoto 54 kati ya kila 100 waliotakiwa kwenda hospitali walifika. Katika zile nyingine walifika 22 tu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2018. Tunajifunza mambo mawili. Kukumbushana kunasaidia sana. Na hata hivyo, karibu nusu hawakufika. Hiyo nusu ndiyo kazi ya kikundi. Ni nauli, ni ng'ombe wa kukamuliwa mama akiwa safarini, ni mtu wa kuandamana na nyanya anayelea wajukuu na hajui hospitali ilivyo.

Pelekeni watoto kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya kaunti, au hospitali za misheni zenye huduma hiyo. Kikuyu na Sabatia zinajulikana sana. Kabla ya safari, pigeni simu kuuliza siku za kliniki, bei ya miwani ya watoto, na kama SHA italipia chochote. Mkienda kumi pamoja, gari mnakodi mara moja.

Hatua ya tatu: mfuko wa miwani. Si lazima uwe mkubwa. Kila mwanakikundi aongeze kiasi kidogo juu ya mchango wa kawaida, na pesa hizo ziandikwe kwenye ukurasa wake. Mzazi anakopa bila riba na kulipa pole pole. Asiyeweza kabisa, kamati iamue kwa siri asiaibishwe. Katibu awe na daftari: jina la mtoto, tarehe ya kupimwa, jicho la kulia, jicho la kushoto, amepata miwani lini, arudi lini. Kila mwaka arudi kupimwa. Na mtu mmoja apewe kazi ya kupita shuleni kuona kama miwani inavaliwa au imefichwa kwenye sanduku. Watoto wakichekwa, mwalimu aambiwe.

Hatua ya nne: jua. Mwaka 2010 Taiwan ilianza kuhimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kila siku. Sisi Mungu ametupa jua la bure, lakini tumeanza kulinyima. Mtoto anaondoka alfajiri, anakaa darasani hadi jioni, Jumamosi anakwenda masomo ya ziada, na Jumapili anashika simu ya mama. Saa mbili nje kila siku si uvivu. Achote maji, achunge mbuzi, acheze mpira, hata asome chini ya mti kivulini, maana mwanga wa kivulini mchana bado unazidi wa ndani ya nyumba kwa mbali sana. Ila asilitazame jua lenyewe. Usiku kitabu kiwe mbali kama kutoka kiwiko hadi vidole, taa iwe ya kutosha, na kila nusu saa ainue kichwa atazame mbali kidogo. Ongeeni na kamati ya shule juu ya mapumziko ya mchana. Hiyo ni haki ya mtoto.

Hatua ya tano: jueni dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kikao. Mboni ya mtoto mdogo ikionekana nyeupe, au ikimeta kama ya paka kwenye picha, yaweza kuwa saratani ya jicho, na kila juma lina thamani. Macho yakiangalia pande tofauti, nendeni. Jicho jekundu lenye maumivu, linalokataa mwanga, au lililopungua kuona ghafla, ni siku hiyo hiyo. Na kama kuna mtoto wenu ambaye tayari anavaa lenzi za aina yoyote, kanuni ni hii: jicho likiuma, lenzi itoke, isirudishwe usiku, na mtoto afike kwa daktari siku hiyo akiwa na lenzi na kikasha chake mkononi.

Wapendwa, katika Injili ya Marko sura ya 8 kuna kipofu wa Bethsaida. Bwana alipomgusa mara ya kwanza, alianza kuona, lakini watu hawakuwa wazi machoni pake. Bwana hakumwambia kwamba hiyo inatosha. Alimgusa tena. Watoto wetu wengi wako katikati ya mguso wa kwanza na wa pili. Wanaona, lakini si wazi. Mguso wa pili ndio huo wa kamba ya mita 6, nauli ya hospitali, na miwani iliyolipwa na kikundi. Tarehe 13 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye shida za macho. Tunapendekeza kila kikundi kiwe kimepima watoto wake kabla ya siku hiyo, na makatibu mtuletee madaftari tuyaone.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu kuna watoto gani wanaoitwa wazito au watukutu ambao hatujawahi kuwapima macho? Nani atazungumza na wazazi wao, na lini?

2. Mwanakikundi akiomba mkopo wa lenzi za usiku, kamati itamwuliza maswali gani manne?

3. Mfuko wa miwani tutauanza kwa kiasi gani kwa kila mwanakikundi, na nani atatunza daftari?

4. Watoto wetu wanakaa nje kwenye mwanga wa mchana saa ngapi kwa siku? Ni jambo gani moja tunaweza kulibadilisha nyumbani, na moja shuleni?